Wakiitana Wenyewe ni Utani, Ukiita Wewe ni Tusi?

 

Liko jambo moja linalovuruga vikundi vyetu, na halimo katika katiba ya kikundi chochote. Watu wakisikia kikundi kimevunjika husema ni pesa. Mara nyingi pesa ni mwisho tu wa habari. Mwanzo wake ni neno. Mtu aliitwa jina fulani mbele ya wenzake, akanyamaza. Wiki ya pili hakuja. Mwezi wa pili akaja kudai akiba yake. Ukiuliza, unaambiwa, "Ah, yule ana hasira za bure. Jina lenyewe si wao wenyewe wanaitana?"

Hapo ndipo penye swali letu la leo. Yako majina ya dharau ambayo wale waliotupiwa wameyaokota, wakayafanya mzaha wao au hata fahari yao. Wanaitana hivyo na kucheka. Je, mtu wa nje naye akiyatumia, ametukana? Kama ni tusi kwake, mbona si tusi kwao?

Tutafuata njia yetu ya siku zote: kuona, kupima, kutenda.

TUONE

Tuanze na vikundi vya watu wenye ulemavu. Wakiwa peke yao, wanasubiri mkutano uanze, utasikia maneno ambayo wewe mwenye miguu miwili usingethubutu kuyasema. "Wewe kiwete, leo umetutangulia!" "Nimekuja na magongo, si kama wewe unayebebwa kama mbuzi wa Idi." Wanacheka mpaka machozi. Mzaha huo una kazi. Watu hao wamecheka pamoja juu ya kitu ambacho huko njiani huwa wanachekwa nacho peke yao.

Sasa anakuja afisa wa mradi. Amesikia kicheko, naye anataka kuonyesha kwamba ni mwenzao. Anasimama na kusema, "Haya viwete wangu, tuanze mkutano!" Kicheko kinakatika. Yeye anashangaa, manake neno ni lile lile.

Mfano wa pili uko ufuoni Diani. Vijana wanaouza vinyago, wanaotembeza wageni kwa mashua na ngamia, wamezoea kuitwa "bichi boi". Jina hilo katika vinywa vya wengi lina maana ya msumbufu, mvivu, mtu wa kufuata wazungu. Wenyewe wanaitana hivyo hivyo bila shida, hata mwenye ndevu nyeupe na wajukuu anasema, "Mimi ni bichi boi tangu zamani." Katika karatasi za ofisi wengi wao sasa huandikwa kama wafanyabiashara wa ufuoni. Lakini baba mkwe akiulizwa binti yake anaolewa na nani, akajibu, "Ni bichi boi tu," hapo jina limerudi kuwa fimbo.

Mfano wa tatu unatugusa wengi: "Mswahili". Sisi wenyewe tukichelewa mkutanoni twasema, "Ndiyo Waswahili sisi!" Tanzania watu huishi "uswahilini" na kulisema neno hilo kwa mapenzi. Lakini akija mtu wa ofisini aseme, "Mniletee hesabu zilizonyooka, sitaki uswahili hapa," ametuita wajanja na waongo, na ametuita hivyo kwa jina la watu wazima wenye lugha yao na miji yao ya karne nyingi.

Mifano hii mitatu ina kitu kimoja: neno halikubadilika, aliyebadilika ni msemaji. Basi siri haimo katika neno peke yake.

TUPIME: UTANI TUNAUJUA TANGU ZAMANI

Wengine hudhani swali hili ni la wasomi au la Wazungu. Sivyo. Wazee wetu walilijibu zamani kwa desturi inayoitwa utani.

Bibi humwita mjukuu wake "mume wangu" na kumwambia hajui kazi, mjukuu naye akamjibu kwamba mke mwenyewe hana meno. Hakuna anayekasirika. Mabinamu hutaniana. Ziko koo zinazotaniana, na yako makabila yanayotaniana. Wanyamwezi walioshuka pwani ya Tanzania na misafara ya biashara katika karne ya 19 wakawa watani wa Wazaramo, na utani huo unajulikana mpaka leo. Katika sehemu nyingi mtani anaweza kuja hata kwenye matanga, akamwiga marehemu alivyotembea, akawasuta wafiwa, nao wakacheka katikati ya kilio. Mtu mwingine akifanya hivyo atatolewa kwa bakora.

Tuuangalie utani vizuri, una masharti matatu.

Kwanza, ni wa pande mbili. Mtani akikurushia, nawe una ruhusa ya kumrudishia kwa uzito ule ule. Ukiona mmoja anasema na mwingine anainamisha kichwa, huo si utani.

Pili, una mipaka inayojulikana. Mtu hawi mtani kwa sababu amejisikia kutania leo. Kuna uhusiano uliomtangulia.

Tatu, una wajibu. Yule anayekutania ndiye huyo huyo anayekuchimbia kaburi na kukupikia wageni wa msiba. Ameshika upande wa mzigo wako, ndiyo maana ana ruhusa ya kuucheka.

Pima sasa yule afisa wa mradi kwa masharti haya. Je, wale wanakikundi wanaweza kumrudishia? Yeye ndiye mwenye kalamu ya kuandika nani apewe mkopo. Je, ana mzigo mmoja nao? Jioni atapanda pikipiki yake na kwenda zake, wao watabaki na ngazi za ofisi wasizoweza kuzipanda. Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Alichukua maneno ya utani bila kuchukua wajibu wake. Ndiyo maana kicheko kilikatika.

Wako wanaosema huu ni upendeleo: kama neno ni baya, liwe baya kwa wote. Lakini mbona nyumbani tunaelewa? Mtu anaweza kusema, "Kizee changu kimeanza kusahau," akimzungumza mama yake mzazi kwa mapenzi. Jirani akija na kuuliza, "Kile kizee chako kiko wapi?" utamvumilia? Mapenzi unayoyajua ndiyo yaliyolilainisha neno kinywani mwako. Jirani hana ushahidi wa mapenzi hayo.

NJIA TATU ZA JINA LA DHARAU

Watu waliopewa jina la dharau huwa na njia tatu. Inafaa tuzijue, manake si kila jina linafaa kuokotwa.

Njia ya kwanza ni kulitupa. Mfano uko hapa kwetu. Zamani watu wa miji ya pwani waliwaita majirani zao wa ndani "Wanyika", yaani watu wa porini. Wamisionari Krapf na Rebmann, waliokaa Rabai kuanzia 1846, walilipokea jina hilo kama walivyolikuta. Hata kamusi ya lugha hiyo iliyochapishwa 1887 iliitwa kamusi ya Kinika. Serikali ya kikoloni nayo ikaliandika. Lakini wenyewe hawakulipenda. Katika miaka ya 1940 jina jingine likashika, "Mijikenda", yaani miji tisa: Wadigo, Waduruma, Wagiriama, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Jina hili linatokana na kaya zao wenyewe, si porini mwa mtu mwingine. Mwaka 2008 misitu ya kaya ilipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, iliingia kwa jina la Mijikenda. Kama wazee wangelipokea lile la kwanza, huenda mpaka leo watoto wetu wangelisoma shuleni.

Njia ya pili ni kulivaa mpaka ligeuke fahari. Mfano mkubwa ni sisi Wakristo. Ukisoma Matendo ya Mitume 11:26 utaona kwamba wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza huko Antiokia. Waliitwa, hawakujiita. Wao kwa wao walijiita ndugu, wanafunzi, watakatifu. Wataalamu wengi wa Maandiko wanaona jina hilo lilitoka kwa watu wa nje, na yawezekana lilikuwa la kejeli. Lakini katika waraka wa kwanza wa Petro 4:16 waamini wanaambiwa wasione haya kuteswa kwa jina hilo, bali wamtukuze Mungu kwalo. Leo twabatiza watoto kwalo. Angalia jambo moja tu: waliogeuza jina ni wale waliokuwa wanateswa kwalo. Watesi wasingeweza kusema, "Tumeshawageuzia, sasa ni jina zuri, msikasirike."

Siku hizi tumeona neno "hasla" likienda njia hiyo. Lilikuwa la mtu wa kubangaiza mtaani, wakati mwingine hata la tapeli. Wachuuzi na vijana wa bodaboda wakalivaa kwa fahari. Likaingia katika kampeni za uchaguzi wa 2022, na mnamo Novemba 30, 2022 serikali ikazindua Mfuko wa Hasla. Watu wakabishana vijiweni: je, tajiri naye anaweza kujiita hasla? Hatuingii katika siasa hapa, lakini ubishi huo ulikuwa wa maana. Watu walikuwa wanauliza swali letu hili hili: nani ana haki ya kulivaa jina la wanyonge?

Njia ya tatu ni kulitumia ndani tu, kama wale wenye ulemavu tuliowataja. Hawataki liwe jina lao la hadharani. Ni dawa yao ya ndani. Njia hii ndiyo inayotatiza zaidi watu wa nje, manake wanalisikia lakini hawajui kwamba lina mlango na ufunguo.

VIJANA WETU NA NENO LA MAREKANI

Hapa maskani za Ukunda vijana wengi wanaitana kwa lile neno la Kiingereza linaloanza na herufi N, walilolitoa katika nyimbo za Weusi wa Marekani. Wengi hawajui historia yake. Ndilo neno ambalo wenye mashamba walilitumia kwa watumwa, na ndilo waliloitwa watu waliokuwa wakinyongwa mitini na makundi ya Wazungu. Baadaye vijana Weusi walilipindua matamshi kidogo, wakaitana nalo kwa maana ya "ndugu yangu".

Lakini msidhani Weusi wote wa Marekani wamekubaliana. Mnamo Julai 2007, katika mji wa Detroit, NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi kilichoanzishwa 1909, kilifanya mazishi ya neno hilo, kukiwa na jeneza kabisa. Wazee wengi walisema neno lenye damu halisafishiki. Vijana wengi wakaendelea kulitumia. Basi hata wa ndani hubishana, na ubishi huo ni wao. Kitu ambacho pande zote mbili karibu zinakubaliana ni kwamba Mzungu asilitumie.

Na kijana wa Ukunda je? Ngozi yake ni moja na yao, lakini hakulelewa katika kidonda kile. Si wa nje kabisa, wala si wa ndani kabisa. Ushauri wetu ni mwepesi: Kiswahili kina ndugu, kaka, mwanangu na sahibu. Na mtalii akikusikia unamwita mwenzako hivyo, kesho atafikiri na yeye ameruhusiwa, halafu utakasirika. Mlango mwenyewe umeuacha wazi.

NENO LILILOTOKA KWETU

Tusijione kwamba siku zote ni sisi tunaotupiwa. Neno "kafiri" ni la Kiarabu, la dini, maana yake asiyeamini. Lilitumika katika pwani hii yetu, Wareno wakalichukua, likafika kusini. Huko walowezi wakalifanya jina la kumwita Mwafrika yeyote, hata aliye Mkristo kama wao. Afrika Kusini hilo ni moja ya matusi makubwa kabisa. Mnamo Machi 2018 mahakama ilimhukumu mwanamke mmoja wa Kizungu kifungo cha miaka 3, mmoja ukiwa umesimamishwa, kwa kuwatukana polisi Weusi kwa neno hilo mara nyingi.

Hapa kwetu Sheikh akilitaja katika darsa anafundisha dini yake, na hilo ni jambo lingine. Kulifundisha neno si kumtupia mtu. Ndivyo tunavyofanya hata katika makala haya. Lakini jirani akimpigia kelele jirani yake njiani, hiyo si darsa tena. Na kama Mkristo aliyealikwa futari atasema kwa mzaha, "Hata sisi makafiri mmetukumbuka!" mwenyeji mwenye busara atacheka na kumjazia sahani. Hatajibu, "Naam, kafiri, karibu." Anajua ule ulikuwa mzaha wa mgeni juu yake mwenyewe.

Vivyo hivyo tujiulize kuhusu "mzungu" na "chotara". Wako watalii wanaonunua fulana zilizoandikwa neno "mzungu" na kuzivaa kwa kicheko. Ni sawa, wamechagua wenyewe, na watarudi kwao. Lakini mtoto aliyezaliwa hapa Diani na baba mgeni, anayezungumza Kidigo kama nyanya yake, akiitwa "chotara" kila siku darasani, hakuchagua kitu. Yeye hana kwingine kwa kurudi.

MANENO HUTANGULIA MAPANGA

Kwa nini tunachukua kurasa nyingi kwa jambo la maneno? Kwa sababu watu wa upande huu wa Pwani wanajua mwisho wake.

Usiku wa Agosti 13, 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi 6 wakauawa. Fujo zikaenea mpaka Ukunda na Diani. Watu zaidi ya 100 walikufa na kama 100,000 wakahama makwao, wengi wao wakiwa wenye asili ya bara. Wengine walikimbilia makanisani, likiwemo kanisa Katoliki la Likoni. Sababu zilikuwa nyingi: siasa za uchaguzi wa mwaka ule, ardhi, kazi, na malalamiko ya kweli ya wenyeji yaliyotumiwa na wenye hila. Lakini vikaratasi na maneno ya "wabara waende kwao" yalitangulia. Mtu huondolewa kwanza jina lake la jirani, halafu ndipo anapoondolewa nyumbani kwake.

Leo wako watu waliozaliwa Ukunda, wazazi wao wakiwa Wakamba, Waluo au Wakikuyu, wanaojitania, "Sisi wabara wa Ukunda tumeshasahau hata ugali wa kwetu." Ni mzaha wao, na ni dalili njema kwamba kidonda kinafunga. Lakini mwenyekiti wa kikundi akisema, "Wabara wakae upande huu," hata kama anacheka, wako akina mama pale waliolala kanisani na watoto mwaka ule. Hao hawasikii mzaha. Wanasikia 1997.

Na upande wa pili ni vile vile. Mtu wa bara akisema, "Nyinyi watu wa Pwani ni wavivu, kazi yenu mnazi na taarabu," eti kwa sababu amemsikia Mdigo akijicheka hivyo, naye amevuka mpaka. Mdigo anayejicheka anajua alivyoamka alfajiri kwenda baharini.

SHERIA INASEMA NINI

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na pia haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomshusha hadhi. Kwa hiyo jina ni haki, si hisani ya afisa.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inakataza maneno ya kuchochea chuki za kikabila. Adhabu yake inaweza kufika faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Mnamo Aprili 2022, kabla ya uchaguzi, Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya kuangaliwa. Ndani yake mlikuwa na "wakuja" na "wabara waende kwao", maneno ya hapa hapa Pwani.

Lakini sheria ni ya mambo makubwa. Polisi hawezi kukaa katika kila kikao cha mzunguko akisikiliza nani kamwita nani. Kazi hiyo ni yetu.

MASWALI MANNE KABLA YA KUFUNGUA KINYWA

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Ukiwa na neno la namna hii mdomoni, jiulize haya:

1. Neno hili liliumiza watu gani, na mimi ni mmoja wao? Kama si mmoja wao, neno si langu, hata kama nimelisikia mara mia.

2. Ninayemwambia anaweza kunijibu? Kama mimi ni mweka hazina, mwalimu, afisa, mfadhili, padri au sista, jibu mara nyingi ni hapana. Atacheka kwa mdomo tu.

3. Nani mwingine anasikia? Rafiki yako mmoja anaweza kukuruhusu umwite kiwete mkiwa wawili, na hilo ni lenu. Lakini ruhusa ya mmoja si ruhusa ya wote. Nyuma yake huenda ameketi kijana aliyekatwa mguu mwezi uliopita kwa ajali ya bodaboda, ambaye bado halali usiku.

4. Nikiliacha neno hili, nitashindwa kusema nini? Ukijibu kweli, utaona hutashindwa kusema kitu chochote.

Swali la tatu linawahusu hata wa ndani. Mwenzenu akisema, "Mimi sipendi kuitwa hivyo, hata na nyinyi," asilazimishwe kucheka ili aonekane mwenzetu. Kuna wanaopona kwa mzaha, na kuna wanaopona kwa kunyamaza.

TUTENDE

Katika kikundi chenu mnaweza kufanya haya bila gharama yoyote:

Kila mwanachama aseme mwenyewe anapenda kuitwaje, na katibu aandike hivyo katika daftari. Si kazi ya katibu kubuni.

Katika mikutano, barua na hesabu tumieni majina ya heshima: mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino na si zeruzeru, mfanyabiashara wa ufuoni. Mizaha ya ndani ibaki ndani.

Kikundi kikitaka kuokota jina la dharau na kulifanya jina lake rasmi wakati wa kujisajili, lisipitishwe kwa kura ya wengi tu. Kila anayehusika akubali. Jina litaandikwa kwenye cheti, na mtoto wa mwanachama atalisoma.

Mgeni akikosea, asizomewe. Mwenyekiti amwite kando, amweleze, "Hilo twaitana sisi kwa sisi, wewe utuite wanakikundi." Wengi hukosea kwa kutaka urafiki, na ukimfundisha vizuri utapata rafiki kweli. Na mgeni akiambiwa, asijitetee kwa kusema "lakini nimewasikia." Aseme pole, mkutano uendelee.

Anayerudia baada ya kuonywa, sasa anajua anachofanya. Hapo ni nidhamu, na ishughulikiwe kama mnavyomshughulikia anayechelewesha mkopo.

Bwana wetu katika Mathayo 5:22 alilichukua tusi kwa uzito kuliko sisi tunavyolichukua, akaliweka karibu na hasira na uuaji. Uislamu nao unakataza watu kuitana kwa majina ya kejeli. Katika hili hatuna ugomvi wa dini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni majina gani tunaitana hapa kwa mzaha? Nani hucheka, na nani hunyamaza?

2. Je, yuko mwanachama aliyeacha kuja bila sababu tunayoijua? Nani ataenda kumtembelea wiki hii?

3. Wazee wa Mijikenda walilitupa jina la "Wanyika". Wakristo wa kwanza wakalivaa lao. Kikundi chetu kina jina gani la kutupa, na lipi la kuvaa?

4. Mtani wako ni nani? Akifiwa leo, utabeba nini kwenda kwake?